Kuhakiki msimbo wa kerneli unaoiga amri za prosesa: uanze wapi, na utie saini kwenye nini

Swali:

“Nimeombwa kuhakiki viraka vitatu vya kerneli ya Linux kwa prosesa za arm64. Vyote vinaongeza uigaji wa amri ndani ya uprobes, yaani vichunguzi ambavyo kerneli huviweka juu ya amri za programu za mtumiaji ili kuzifuatilia. Cha kwanza kinaiga nop, amri isiyofanya kitu. Cha pili kinaiga ldr ile inayosoma data iliyowekwa karibu na msimbo. Cha tatu kinaiga stp inayosukuma x29 na x30 kwenye staki, ambayo funksheni nyingi huanza nayo. Mwandishi anasema lengo ni kasi, na ameendesha jaribio mara milioni moja bila programu kuanguka. C naijua vizuri, ila mwongozo wa prosesa una maelfu ya kurasa na sijawahi kuusoma. Nikiusoma msimbo wake naona unafanya kile ambacho amri inafanya: soma rejista, andika kumbukumbu, sogeza PC (rejista yenye anwani ya amri inayotekelezwa). Je, hiyo haitoshi? Na nikiweka jina langu kwenye Reviewed-by nitakuwa nimeahidi nini hasa?”

Jibu:

Nianze na hukumu. Kiraka cha nop kinaweza kupita ukishakagua mambo mawili. Cha ldr kirudishwe. Cha stp kina kazi kubwa kuliko mwandishi anavyodhani, na huenda kisistahili kuwepo kabisa. Sababu zinatofautiana kwa kila kimoja, ndiyo maana jibu ni refu.

Ukubwa wa mwongozo usikutishe. Kila amri ina kurasa zake chache: mchoro wa biti, kisha maelezo ya hatua kwa hatua yaliyoandikwa mithili ya programu. Kwa viraka hivi vitatu utasoma kurasa chache tu, ila uzisome zaidi ya mara moja. Kinachonitia shaka katika barua yako ni ile sentensi kwamba msimbo “unafanya kile ambacho amri inafanya”. Amri ya programu hutekelezwa na prosesa kwa mamlaka ya mtumiaji, chini ya ukaguzi wote ambao prosesa humfanyia mtumiaji. C ya mwandishi inatekelezwa na kerneli, kwa mamlaka ya kerneli. Mistari inaweza kufanana neno kwa neno na bado yakawa matendo mawili tofauti. Kwa hiyo ukihakiki uigaji, jiulize kila mara: nani anaifanya kazi hii, kwa mamlaka ya nani, na ikishindikana programu inaachwa katika hali gani?

Tuone kwanza mtambo wenyewe. Unapoweka kichunguzi juu ya amri, kerneli huhifadhi nakala ya amri hiyo na mahali pake huandika amri ya mtego: BRK kwenye arm64, ebreak kwenye RISC-V, baiti moja ya 0xCC kwenye x86. Prosesa ikifika hapo inanaswa, kerneli inaita kazi ya ufuatiliaji, halafu inabaki na deni, maana amri halisi haijatekelezwa bado. Kuirudisha mahali pake kwa muda hakufai: uzi mwingine kwenye prosesa nyingine unaweza kupita sekunde hiyohiyo bila kunaswa. Kwa hiyo nakala hutekelezwa kando, kwenye nafasi iliyotengwa, kisha prosesa inanaswa tena baada ya amri hiyo moja na kurudishwa kwenye njia yake. Kwa uprobes nafasi hiyo imo ndani ya kumbukumbu ya programu yenyewe, na amri inatekelezwa na prosesa kama kawaida, kwa mamlaka ya mtumiaji. Hilo ndilo linalopotea unapoiga.

Utekelezaji wa kando una kikomo kimoja. Amri zinazotegemea mahali zilipo, kama adr, adrp, b, bl, cbz na tbz, hutoa jibu jingine zikihamishwa. Hizo lazima ziigwe, na ndiyo asili ya faili la arch/arm64/kernel/probes/simulate-insn.c. Lakini nop na stp hazijali PC iko wapi. Zinaigwa ili kuokoa ule mnaso wa pili, basi. Kwa adr hakuna njia nyingine. Kwa stp ipo njia inayofanya kazi sahihi leo, polepole kidogo, na kiraka kinapendekeza kuiacha. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwandishi.

Ukifungua msimbo, anza na maski, yaani zile biti ambazo kerneli huziangalia ili kuitambua amri. Wahakiki wengi hukimbilia hesabu, wakati makosa mabaya hukaa mahali amri inapotambuliwa. Mfano mzuri uko kwenye kprobes, yaani vichunguzi vya msimbo wa kerneli yenyewe, za RISC-V. Kati ya amri fupi za biti 16 kuna c.jr, inayoruka kwenda anwani iliyo ndani ya rejista, na c.mv, inayonakili rejista moja kwenda nyingine. Zinatofautiana kwenye biti 6 hadi 2 tu: kwa c.jr zote ni sifuri, kwa c.mv zinabeba namba ya rejista ya chanzo. Kerneli ilitumia maski 0xf007 na kutafuta 0x8002. Chukua c.mv a0, a2, ambayo ni 0x8532. Ipitishe kwenye maski hiyo: inabaki 0x8002. Kerneli inaamini ni c.jr, inachukua chochote kilichomo ndani ya a0 na kuruka kwenda huko. Sasa chukua c.mv a0, a1, yaani 0x852e. Maski ileile inatoa 0x8006, na amri inapona. Sababu ni kwamba maski inagusa biti 2 peke yake kati ya zile tano, na biti hiyo ndiyo ya chini kabisa ya namba ya rejista. Chanzo chenye namba witiri, kama a1 ambayo ni rejista ya 11, kinapona; chenye namba shufwa, kama a2 ambayo ni ya 12, kinanaswa. Aliyejaribu kwa a1 aliona kila kitu sawa. Mwaka 2023 maski ilibadilishwa kuwa 0xf07f, inayoshika biti zote tano. Na hata hiyo, ikitafuta 0x9002 ya c.jalr, inaikubali 0x9002 yenyewe, ambayo ni c.ebreak; ndiyo maana bado lazima kukataa namba ya rejista iliyo sifuri.

Unaweza kuthibitisha haya bila kuamini macho yako. Michanganyiko ya biti 16 iko 65,536 tu. Toa funksheni ya utambuzi kwenye kerneli, ikompaili kama programu ya kawaida, ipitishie michanganyiko yote, na ulinganishe na anachosema kitenguzi cha msimbo kama objdump. Ya biti 32 ni 4,294,967,296, na kwa ulinganisho wa maski hata hiyo kompyuta ya kawaida inaimaliza. Sioni kisingizio cha kuacha jaribio hili.

Baada ya maski, angalia alama ya hasi. Amri b ya arm64 hubeba umbali wa biti 26 unaozidishwa kwa 4. Ile inayorudi nyuma baiti 8 ni 0x17fffffe. Ukichomoa biti 26 unapata 0x3fffffe, ukizisogeza mara mbili kushoto unapata 0x0ffffff8. Usipoipanua alama, umeambiwa uruke mbele baiti 268,435,448 badala ya kurudi 8. Kosa la aina hii huonekana haraka likiwa wazi hivyo, ila lina ndugu yake mjanja: umbali unapanuliwa vizuri hadi biti 32, halafu unawekwa ndani ya u32 kabla ya kujumlishwa na anwani ya biti 64. Alama inapotea palepale, kompaila haisemi kitu, na miruko ya mbele inaendelea kufanya kazi. Fuata aina ya kila kigezo kutoka kwenye biti hadi kwenye jumla ya mwisho. Hakikisha pia cbz na tbz zinaheshimu upana: cbz w3 inaangalia biti 32 za chini peke yake, hata kama za juu zina takataka.

Kisha rejista ya 31. Kwenye arm64 namba hii ni sifuri ya kudumu katika amri fulani na SP, yaani kielekezi cha staki, katika nyingine, na stp inaweza kuzitumia maana zote mbili kwa mkupuo. Katika stp xzr, xzr, [sp, #-16]!, namba 31 imetajwa mara tatu. Mara mbili ni sifuri, mara moja ni SP. Ndani ya pt_regs, muundo ambamo kerneli huhifadhi rejista za programu iliyonaswa, kuna safu regs yenye nafasi 31, yaani 0 hadi 30, na mara baada yake inafuata sp. Kwa hiyo anayeandika regs->regs[31] anasoma SP kimyakimya mahali alipotakiwa kupata sifuri. Tafuta pt_regs_read_reg na pt_regs_write_reg, ambazo zinajua kwamba 31 ni sifuri. Ukiona safu inaguswa moja kwa moja, uliza kwa nini. RISC-V ina mtego wa aina hiyohiyo: nafasi ya kwanza ya pt_regs yake ni epc, kwa hiyo anayeandika x0 bila kujihadhari anaandika PC.

Jambo jingine la kukagua popote rejista zinaposomwa na kuandikwa ni mpangilio. Amri jalr ya RISC-V huruka kwenda anwani ya rejista moja na kuweka anwani ya kurudi kwenye rejista nyingine, na zote mbili zinaweza kuwa ileile. Tuseme ra ina 0x5000 na amri iliyo kwenye 0x1004 ni jalr ra, 1140(ra). Inatakiwa kwenda 0x5474, na ra ibaki na 0x1008. Uigaji wa kwanza wa kerneli uliandika ra kabla ya kuisoma, hivyo ungekwenda 0x1008 kujumlisha 0x474, yaani 0x147c, katikati ya msimbo usiohusika. Kasoro hii pia ilirekebishwa 2023. Upande wa arm64 aliyeandika uigaji wa blr aliliona mapema: PC inawekwa kwanza, na maoni kwenye msimbo yanasema ni kwa ajili ya anayeandika blr lr. Kanuni ni nyepesi: soma vyote, hesabu vyote, ndipo uandike. Lakini usiishie kuiona kanuni. Dai jaribio ambalo rejista ya chanzo na ya lengo ni moja.

Sasa tuvigeukie viraka vyako.

Nop inaonekana haina la kusema, na karibu iwe hivyo. Jambo la kwanza ni utambuzi. Nop ni 0xd503201f, na imo ndani ya familia kubwa ya vidokezo ambayo kerneli huitambua kwa maski 0xfffff01f. Mwandishi akitumia maski ya familia, PACIASP, yaani 0xd503233f, nayo itahesabiwa nop na kurukwa. Anwani ya kurudi haitasainiwa, na mwisho wa funksheni uthibitisho wake utashindwa. Programu itaanguka mbali kabisa na mahali penye kichunguzi. Dai ulinganisho wa biti zote 32. Jambo la pili ni namna PC inavyosogezwa. Kuiongezea 4 tu hakutoshi, kwani amri halisi ikikamilika hubadilisha pia hali ndogondogo ndani ya PSTATE, alama za hali ya prosesa: alama za BTYPE zinazolinda miruko hufutwa, na anayetembeza programu hatua moja moja kwa kitatuzi anatakiwa kusimama baada yake. Kerneli ina arm64_skip_faulting_instruction inayoshughulikia haya. Ikiwa kiraka kinaweka PC peke yake, kirudishe kwa mstari huo mmoja. Vichunguzi vya USDT, yaani vya sehemu za ufuatiliaji ambazo waandishi huziacha ndani ya programu zao, hukaa juu ya nop, kwa hiyo faida ya kasi hapa ni ya kweli na wengi wataihisi.

Ldr ni habari nyingine. Funksheni ya zamani iliandikwa kwa ajili ya kprobes, ambako anayesoma na anayesomewa wote ni kerneli, na kielekezi cha C cha kawaida kinatosha. Ukiichukua ileile ukaipa anwani ya mtumiaji, unavunja mambo matatu. Kwanza, ukurasa ukikosekana, kerneli haina rekodi kwamba kosa hapo lilitarajiwa. Italichukulia kuwa hitilafu yake yenyewe na huenda mashine nzima ikasimama. Pili, prosesa zenye PAN huizuia kerneli isiguse kumbukumbu ya mtumiaji kwa njia ya kawaida, kwa hiyo kwenye mashine hizo uigaji hauwezi kufaulu hata mara moja. Tatu, na hili ndilo la usalama: ldr hii hufika MiB 1 mbele au nyuma. Amri iliyo ndani ya MiB ya kwanza ya anwani za mtumiaji, ikiwa na umbali hasi, inazunguka chini ya sifuri na kutokea kwenye MiB ya mwisho kabisa ya anwani zote, ambayo ni ya kerneli. Prosesa ingemkatalia mtumiaji. C inayoendeshwa na kerneli haikatai.

Hapo ndipo utakapoona kwa nini milioni ya majaribio mazuri haimaanishi lolote. Yote yalisoma ukurasa uliokuwepo, wenye ruhusa, kwa umbali wa kawaida. Mwaka 2024 kerneli ya arm64 iliondoa kabisa uigaji wa ldr hii kwa uprobes kwa sababu hizohizo. Kichunguzi juu yake hukataliwa. Mwandishi akitaka kuirudisha, lazima atumie njia za kusoma kumbukumbu ya mtumiaji kama get_user na aeleze itakuwaje usomaji ukishindwa. Na hata huko kuna vijiwe vya kujikwaa. Toleo la biti 32 lilikuwa likisoma biti 64 na kutupa nusu ya juu, jambo lililo sawa kwenye mashine zinazotanguliza baiti ndogo. Kwenye kerneli inayotanguliza baiti kubwa, nusu inayotupwa ndiyo iliyotakiwa, na jibu likawa ni data ya baiti nne mbele. Familia hiyohiyo ina pia prfm, isiyoandika rejista yoyote, na aina zenye biti 26 iliyowashwa, ambazo lengo lake ni rejista za vekta zisizomo ndani ya pt_regs. Maski isiyoangalia biti 26 itamwaga data ya vekta kwenye rejista ya kawaida.

Stp imenichukua muda zaidi, maana mwandishi wake ana hoja. Inakaa mwanzoni mwa funksheni nyingi sana, hasa kwa sura ya 0xa9bf7bfd, yaani stp x29, x30, [sp, #-16]!. Na x86 huiga push kwenye uprobes zake bila watu kulalamika. Ila tazama x86 inavyofanya: inajaribu kuandika kwa copy_to_user, funksheni ya kerneli ya kuandika kwenye kumbukumbu ya mtumiaji, na ikishindwa haijifanyi imefaulu, inarudi kwenye njia ya kutekeleza kando, ili prosesa yenyewe itoe kosa lile ambalo programu ingelipata. Huo ndio muundo wa kudai hapa pia. Uandishi ukishindwa, SP isiwe imeshaguswa, PC isiwe imesogezwa, na amri ipite njia ya kawaida. Ukikuta SP inapunguzwa kabla ya kuandika, programu itapokea ishara ya kosa ikiwa na staki iliyokwisha kusogea, na mshughulikiaji wake akirudia amri ileile staki itasogea mara mbili.

Halafu kuna vitu ambavyo stp halisi hufanya na C haionyeshi. SP isiyogawanyika kwa 16 hutoa kosa la mpangilio kwa mtumiaji. Copy_to_user haijui habari hiyo, itaandika tu. Kila nusu ya baiti 8 iliyopangwa vizuri huandikwa kwa pigo moja, hivyo uzi mwingine unaosoma hauwezi kuona nusu ya zamani iliyochanganyika na mpya. Copy_to_user ya baiti 16 haikuahidi hivyo. Penye MTE, ambapo prosesa hukagua lebo za kumbukumbu, stp kupitia SP bila kuiandika upya haikaguliwi lebo, lakini ikiiandika upya, kama hii ya alama ya mshangao, inakaguliwa. Kerneli ikiandika kupitia rejista nyingine, tofauti hiyo inafutika. Na umbali wenyewe ni biti 7 zenye alama, mara 8, yaani kati ya -512 na 504. Ile hesabu ya alama ya hasi inarudi tena.

Je, yote haya yana uzito kwenye staki ya kawaida? Mengi hapana, na mwandishi atakwambia hivyo. Mimi namwona ana haki nusu. Tatizo ni kwamba kichunguzi huwekwa na mtu anayesaka hitilafu, mara nyingi hitilafu ya staki iliyoharibika au nyuzi zinazogongana, na chombo kinachoficha kosa hilohilo kinamtesa mtu aliyekuja kwa msaada. Kipimo chake nacho kisomwe kwa makini. Vipimo vya BPF, mfumo wa kuendesha programu ndogo ndani ya kerneli, vilivyomo ndani ya chanzo cha kerneli huchochea uprobe juu ya nop, push na ret kwa mzunguko mtupu, wakati programu halisi hutumia muda mwingi kwingineko. Mwombe vipimo viwili: kichunguzi kwenye programu yenye kazi ya kweli, na kazi ya ufuatiliaji inayofanya kitu. Muulize pia kama kupunguza gharama ya njia ya kando yenyewe kumejaribiwa, maana huko faida ingezifikia amri zote na si stp peke yake.

Usiyachanganye mazingira ya kprobes na uprobes unapoandika maoni. Mshughulikiaji wa kprobe hawezi kulala, hivyo hawezi kusubiri ukurasa uletwe. Uigaji wa uprobe hufanyika ndani ya mchakato wa mtumiaji, unaweza kusubiri. Faili la simulate-insn.c linatumiwa na pande zote mbili. Funksheni iliyo halali upande mmoja inaweza kuwa sumu upande wa pili, kama ldr ilivyokuwa. Kwa kila funksheni mpya, tafuta wanaoiita wote. Kama kiraka kijacho kitagusa bl, blr au ret, uliza pia kuhusu GCS, ile staki ya pili inayolindwa na prosesa: bl iliyoigwa bila kusukuma huko itaifanya ret ya kweli inayofuata ikataliwe.

Majaribio ninayoyadai kabla ya kukubali ni haya. Andika kwa lugha ya asembli kipande kidogo chenye amri moja, jaza x0 hadi x30, SP na alama za hali kwa thamani zinazotambulika, kiendeshe bila kichunguzi na uhifadhi matokeo. Weka kichunguzi, rudia, linganisha kila rejista na si zile tu unazotarajia zibadilike. Kisha fanya ubaya kwa makusudi: SP kwenye ukurasa wa PROT_NONE, yaani usioruhusu kuguswa, SP kwenye mpaka wa kurasa mbili ambapo mmoja haupo, SP isiyogawanyika kwa 16, umbali hasi wa mwisho kabisa, namba 31 kila mahali inaporuhusiwa, rejista moja ikiwa chanzo na lengo. Matokeo sahihi ya mengi kati ya haya ni programu kupokea SIGSEGV au SIGBUS ileile, kwenye anwani ileile, kama ambavyo ingepokea bila kichunguzi. Endesha hayo pia kwenye kerneli inayotanguliza baiti kubwa, kama toleo lako bado linairuhusu. QEMU, programu inayoiga mashine nzima, inatosha kwa hilo. Haitoshi kwa PAN na MTE kama prosesa uliyoiiga humo haina vitu hivyo, kwa hiyo angalia imetangaza nini kwenye /proc/cpuinfo na kwenye ujumbe wa kuwaka kabla ya kuamini jaribio lililopita.

Kuhusu jina lako. Reviewed-by inasema umeukagua msimbo kiufundi, umepeleka maswali yako yakajibiwa, na unaamini unafaa kuingia. Haisemi kwamba hauna kasoro, wala haidai ujue mwongozo mzima. Lakini inadai useme ukweli kuhusu ulichokagua. Unaruhusiwa kuiweka kwenye kiraka cha nop peke yake na kunyamaza kwa vingine. Ukiwa umeendesha majaribio bila kuelewa msimbo, Tested-by ndiyo saini ya haki, ukitaja mashine na mipangilio uliyotumia. Na maoni yasiyo na saini yoyote, kama “sijaelewa SP inakuwaje copy_to_user ikishindwa”, yana thamani kuliko saini ya heshima.

Kuna mahali usijaribu kuamua peke yako. Swali likifika kwenye mpangilio wa uandishi kati ya prosesa, kwenye MTE au GCS, mtafute anayesimamia sehemu ya arm64, scripts/get_maintainer.pl ikipewa kiraka itakupa majina. Kama unaye karibu mtu anayeandika msimbo wa kiwango hicho, kaa naye saa moja mbele ya skrini, ukurasa wa stp upande mmoja na kiraka upande mwingine, mpitie mstari kwa mstari. Mabishano ya kuandikiana huchukua wiki kwa jambo hilohilo. Na ukigundua kwamba mtumiaji asiye na mamlaka anaweza kuifanya kerneli iliyokwisha kutolewa isome au iandike mahali pasipo pake, usilitaje kwenye maoni ya wazi ya kiraka. Nyaraka za kerneli zina njia ya faragha ya kuripoti kasoro za usalama. Pita huko kwanza, ukiambatanisha programu ndogo inayolionyesha tatizo, toleo la kerneli na faili la mipangilio yake.

Ukimjibu mwandishi, mwombe avitenganishe viraka. Cha nop kikisimama peke yake hakitasubiri mjadala wa stp uishe.